Neno Alilolitaka Nasiban

Kwetu mke hatamki jina la mumewe. Wangu namwita Baba Rabel, kwa jina la binti yetu mkubwa, na mbele ya wageni nasema "huyo" tu, inatosha. Lakini hapa nitalitamka jina lake, tena mara nyingi, kwa sababu nina hasira naye: Umed Ali. Umed Ali mwana wa Fakiri Lakhadino, muuza mbolea, mpenda usingizi. Habari yenyewe wala si yake. Ni ya dada yake, wifi yangu Nasiban. Ila ndivyo ilivyo nyumbani kwetu, ukitaka kumtaja Nasiban lazima uanze na mwanamume.

Mimi na Nasiban ni mawifi mara mbili. Tuliozwa kwa badala: yeye alikwenda kwa kaka yangu, mimi nikaja kwa kaka yake, siku moja, harusi moja, gharama nusu kwa nusu. Kaka yangu akafa kwa maradhi ya ini kabla hawajajaliwa mtoto, na Nasiban akarudi kwa baba yake na cherehani yake na kitanda cha kamba. Tangu hapo tunagombana kila siku, na siku tusipogombana mimi hujiuliza kama anaumwa. Ni mrefu, mkavu, ana mkono wa kushona matandiko ya viraka ambayo watu hutoka mjini Hala kuja kuyanunua, na ana ulimi.

Alichokitaka maishani ni neno moja.

Baba mkwe wangu alikuwa kiongozi wa mafakiri, wale wanaoimba kila Alhamisi baada ya alasiri kwenye kuba la kaburi la walii wa kijiji chetu. Kwa mafakiri hakuna mtihani wala cheti. Mtu huimba miaka na miaka nyuma ya kiongozi, na ikitokea siku moja amelifikia lile wanalolitafuta, kiongozi humwambia, "Umefika." Basi. Kuanzia hapo huketi safu ya mbele, na kiongozi akizeeka, kitambaa chake cheusi cha kichwani hufungwa kwa mmoja wa hao waliofika. Fakiri Lakhadino alikuwa bahili wa neno hilo. Wapo waliozeeka wakazikwa bila kulisikia. Na Nasiban alitaka aambiwe yeye. Kitambaa hakukitaka, safu ya mbele hakuitaka. Alitaka alisikie kutoka kinywani mwa baba yake, aambiwe yeye kama alivyo.

Nasema "kama alivyo" kwa sababu. Hapa ninaposimulia, "umefika" ni "umefika" tu, uwe bwana uwe bibi. Kisindhi, lugha yetu, hakikuachii hivyo. Kuna umefika ya mwanamume na umefika ya mwanamke, tofauti iko mwisho wa neno, ya katikati hakuna, na anayekuambia lazima achague. Hata vitu vimegawanywa. Mkate ni mwanamke, mlango ni mwanamume. Mto mwanamume, mashua mwanamke. Mwiko mkubwa wa kupakulia ni mwanamume, kijiko cha chai ni mwanamke, na nani aliyeamua hayo mimi sijui, ila hakuwa mtu wa kuosha vyombo.

Sasa sikilizeni kinachonichoma. Nyimbo zote za kuba letu, mwimbaji ndani yake ni mwanamke. Mafakiri wenye ndevu mpaka kifuani hufumba macho, hupandisha sauti juu kabisa mpaka iwe nyembamba ya kike, na kila wanaposema "mimi" hujisema kwa kike: nimechelewa, nimechoka, nimesimama peke yangu. "Nimekuja kisimani na kamba fupi, usinirudishe na mtungi mtupu." Wanasema mbele ya Mungu kila mja ni mwanamke anayengoja mlangoni. Maneno matamu, nami huyaamini. Lakini mwanamke wa kweli, mwenye mtungi wa kweli, haruhusiwi kuyaimba. Akisikika, kiongozi ana wajibu wa kumnyamazisha. Hata kuwa wanawake wametunyang'anya.

Nasiban ndiye kifungua mimba. Baba yake alimfundisha akimpakata, kwa kuwa mtoto wa kiume alichelewa na mzee hakuwa na subira. Kila wimbo alioupokea ulijisema kwa kike, na yeye alikuwa msichana, kwa hiyo hakuona ajabu. Alidhani nyimbo zile zilitungiwa wasichana. Siku moja akamwendea mama yake kwa huruma, akamwambia, "Masikini Baba, wanamlazimisha kuimba nyimbo zetu." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Alipoanza kupata umbo, wakamwambia sasa ni nyuma ya mkeka wa matete, pamoja na akina mama, na mdomo umefungwa. Aliuliza kwa nini. Hajaacha kuuliza mpaka leo.

Zamu ikawa ya Umed Ali. Mungu alimpa mume wangu vitu vingi, usingizi mzito, miguu mizuri, lakini sauti alimpa ya ndama wa nyati. Mzee alimfundisha akachoka, akamwachia Nasiban amnoe nyumbani. Nilikuwa nikikanda unga uani nawasikia.

"Panda juu, kaka."

"Si nimepanda."

"Umepanda kitandani. Sauti ndiyo bado iko chini."

"Dada, koo linauma."

"Sema 'nimechelewa' vizuri. Mbona unameza mwisho wa neno? Unajisema kama dume. Aliyekwenda kisimani ni mwanamke!"

"Wewe hukai sokoni wewe! Jana nimeingia mkahawani kunywa chai, Shahnawaz kasimama mbele za watu: 'Mpisheni bibi harusi! Bibi, mahari yako ng'ombe wangapi?'"

"Mbona Baba hakuna anayemwita bibi harusi?"

"Baba ana ndevu."

"Basi zifuge!" nikapiga kelele kutoka uani. "Au hizo nazo akuoteshee dada yako?"

Alinuna siku hiyo, hakula samaki wangu. Nasema kweli ya Mungu, hata yeye nilimhurumia kidogo. Alichotaka ni duka lake na chai yake, na wanaume wote wa ukoo walikuwa wamemkalia kichwani: kitambaa kikitoka nyumbani kwa Lakhadino kitakwenda kwa wapinzani wetu, ukoo wa Mithal, na hakitarudi. Lakini huruma yangu kwa mwanamume anayelazimishwa kupewa kitu ambacho mwingine anakililia haidumu hata chai ikapoa.

Mwaka juzi, baridi ilipoingia, mzee akaanguka. Macho yake yalikuwa yamekwisha zamani kwa mtoto wa jicho, sasa na miguu ikakataa. Tukamhamishia chumba kinachotazama uani. Siku moja, jua likiwa limeinama, akasema, "Umed Ali, niimbie wimbo wa kisimani. Nitakufa bila kuusikia."

Umed Ali akaketi ukingoni mwa kitanda, akashika zeze la nyuzi tano, akaanza. Ikatoka ile ile ya ndama. Akakohoa, akaanza tena. Uso wa mzee ulikuwa umekunjamana, sijui kwa maumivu au kwa aibu. Nasiban alikuwa sakafuni na viraka vyake, nami mlangoni nikikanda unga. Nilimwona akiichoma sindano kwenye kitambaa na kuiacha hapo. Kisha akafungua kinywa.

Sijui niwaelezeje. Nimemsikia miaka yote hii akiguna nyimbo hizo jikoni, lakini kuguna si kuimba. Sauti ilipanda bila kusukumwa. Aliposema nimekuja kisimani na kamba fupi, mimi niliyekuja katika nyumba hii na kamba fupi kuliko wote niliuacha unga, nikalia. Umed Ali, nimpe haki yake, alipiga zeze vizuri. Zeze analiweza.

Ulipokwisha, mzee alikuwa amelala chali. Machozi yalikuwa yanaingia masikioni. Akanyoosha mkono hewani, na mkono ukamwangukia aliyekuwa karibu, yaani mume wangu.

"Umefika," akasema. "Umefika, baba."

Akalisema kwa kiume.

Nilimtazama Umed Ali. Nikangoja. Yeyote mwenye haya angesema: Baba, si mimi, ni Nasiban. Ni maneno machache, hata ndama angeyatoa. Umed Ali akafungua kinywa, akamtazama dada yake, akamtazama baba yake, akainama akaubusu mkono.

Kosa kama lile ni la kwetu tu. Kwingine kipofu akisikia mwanamke akiimba angesema nani huyu mwanamke. Kwetu kadiri Nasiban alivyokuwa mwanamke zaidi kooni, ndivyo mzee alivyozidi kuamini kuwa mwanawe wa kiume amekomaa.

Kesho yake wazee wa mafakiri wakaitwa, na kitambaa cheusi kikafungwa kichwani kwa mume wangu. Nilipika wali na nyama kwa shughuli hiyo na kila sahani niliipakua kwa kinyongo. Walipoondoka nikamshika.

"Baba Rabel, huoni haya?"

"Ulitaka nifanye nini?"

"Useme kweli!"

"Nikisema kweli Baba atamkataza asiimbe tena, na kitambaa kitakwenda kwa akina Mithal. Atapata nini Nasiban hapo? Niambie. Atapata nini?"

Hakuna kinachonikera kama Umed Ali kusema jambo ambalo sina jibu lake. Nikamwendea Nasiban pampuni, alikokuwa akiteka maji.

"Na wewe umekaa kimya kama gogo! Ulimi wako wa kunitukana mimi ulikuwa wapi?"

"Wifi, niache."

"Nikuache? Limetoka lile neno, limetoka kwa wimbo wako, limekwenda kukaa juu ya kichwa cha yule... cha huyo!"

"Kichwa cha nani? Mtaje mumeo tuone."

"Usinichekeshe, nina hasira."

"Mimi sina?" Akaacha mpini wa pampu. "Angalau amesikia," akasema. "Amesikia, wifi. Hajanikataza."

Mzee hakufa. Wimbo ulimrudishia nguvu ya kukaa na kunywa mchuzi, na kila siku jua likiinama alisema, "Aje aniimbie." Basi ukawa ndio mchezo wa nyumba yetu. Umed Ali huketi ukingoni na kitambaa chake na zeze, Nasiban husimama ukutani nyuma yake, huimba. Mzee husema "naam" na "hapo hapo", yote kwa kiume. Ukuta wetu ni mfupi, na majirani husikia. Wakaanza kumsimamisha mume wangu njiani. Shahnawaz yule yule wa mkahawani akamlipia chai, akasema, "Kaka, jana nimekusikia nikiwa na punda barabarani, punda mwenyewe kasimama." Alhamisi kwenye kuba Umed Ali alikohoa tu akawaachia wenzake waimbe, na watu wakasema nyumbani huimba zaidi kwa ajili ya mapenzi ya baba. Mtu akishapewa kitambaa, hata kikohozi chake hutafutiwa maana.

Nasiban alikonda. Viraka vyake vikaanza kwenda mshazari. Msiniambie kwamba alikuwa na furaha kwa kuwa alikuwa anaimba. Nilikuwa nikiuona uso wake kila wimbo unapokwisha. Aliuelekeza kwa mzee akingoja, na mzee akinyoosha mkono kwa mwingine.

Ilifika majira ya joto. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo mlango wa chumba uliachwa wazi upate upepo. Barazani kwa wageni, nyuma ya ukuta wetu, wazee wawili wa mafakiri walikuwa wamekuja kumjulia hali mzee, nao walikuwa wakinywa chai yangu wakingoja wimbo. Mimi nilikuwa pale pale uani na unga wangu. Nasiban akaanza wa kisimani. Akafika kwenye kamba fupi. Akanyamaza.

Umed Ali akaendelea na zeze. Akaurudia mzunguko ili dada yake aingie. Hakuingia. Akarudia tena, jasho linamtoka chini ya kitambaa.

Mzee akageuza uso. Hakuugeuza kwa Umed Ali, aliugeuza ukutani, mahali hasa aliposimama Nasiban.

"Nasiban," akasema polepole. "Mbona umenyamaza?"

Zeze likakoma. Unga uliniganda vidoleni.

"Umejua lini?" Nasiban akauliza.

"Nimekufundisha mimi, nikikupakata. Nisiijue sauti yako?"

"Umejua tangu ile siku ya kwanza?"

"Ile ya kwanza."

"Na ukasema umefika. Kwa kiume."

"Ningefanyaje, mama?" Kwetu baba humwita binti yake hivyo akimbembeleza. "Mimi ni kiongozi. Nikikutambua ni mwanamke, lazima nikunyamazishe. Sikutaka unyamaze. Nikasema vile ili uendelee."

Nilimchukia na nikamwonea huruma kwa pamoja. Alikuwa amemsikia. Siku zote zile alikuwa anamsikia yeye, na alikuwa amechukua neno la kiume akalitundika mbele yake kama pazia, ili mzee mwenyewe astarehe na wimbo nyuma ya pazia hilo na watu wasimuulize. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Sidhani hata yeye alikuwa anajua.

"Nimeendelea," Nasiban akasema. "Nimeendelea mpaka leo. Sasa liseme."

"Niseme nini?"

"Unalijua, Baba. Lile lile. Niambie mimi."

Mzee akalamba midomo. Nyuma ya ukuta, mmoja wa wazee alicheka jambo, kikombe kikagonga kisahani. Mzee alikisikia. Masikio yake yalikuwa mazima kabisa.

"Funga mlango kwanza," akasema.

Nasiban alimtazama. Akatembea mpaka mlangoni. Akatoka. Akaufunga kutoka nje, taratibu, mpaka kitasa kikalia. Akanipita bila kunitazama, akaenda pampuni, akaanza kusukuma mpini kwa nguvu zote, maji yakamwagika nje ya ndoo.

Nilibaki pale karibu na mlango. Ni mlango wa mbao za zamani, una nyufa. Mzee alikuwa amesikia kitasa, akadhani Nasiban ameufunga akiwa bado ndani. Akakohoa kusafisha koo kama wanavyofanya wanapotaka kusema jambo kubwa.

"Umefika," akasema. "Umefika, binti yangu. Zamani sana."

Alilisema kwa kike. Alilisema sawasawa, lote mpaka mwisho wake, halikumezwa hata kidogo. Nililisikia kwa masikio yangu haya.

Nikakimbia pampuni na unga mikononi. Nikamshika Nasiban mkono, mpini ukasimama.

"Wifi, amelisema! Amelisema, nimesikia. Kwa kike!"

Alinitazama. Maji yalikuwa yanamtiririka miguuni.

"Kamwambia nani?" akauliza.

Mlango ukafunguka, akatoka Umed Ali.